Horace Wells, daktari wa meno aliyetaka mgonjwa asiumie: maisha yake na kanuni za dawa ya usingizi leo

Kama nyumbani kwako kuna mtoto au mtu mzima mwenye usonji, mtindio wa ubongo, ugonjwa wa Down au ulemavu mwingine unaomfanya ashindwe kukaa kimya kwenye kiti cha daktari wa meno, makala hii inakuhusu. Tutaanza na maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, kisha tutarudi kwako. Historia yake itakusaidia kuelewa kwa nini dawa ya usingizi kwa ajili ya meno ina kanuni kali, kwa nini kanuni hizo ni muhimu, na kwa nini wakati mwingine zinamfungia mlango mgonjwa anayehitaji dawa hiyo kuliko wengine.

Kwanza tuelewane maneno. Sindano ya ganzi hufisha sehemu ndogo ya mdomo, na mgonjwa anabaki macho. Dawa ya kutuliza humfanya mgonjwa alegee na woga upungue, lakini bado anakusikia na kukujibu. Nusu kaputi ni dawa ya usingizi mzito: mgonjwa hajitambui kabisa, na kuna mtaalamu anayelinda pumzi yake mpaka aamke. Wengi wetu sindano ya ganzi inatutosha. Kuna watu ambao haiwatoshi.

Kijana aliyejifunza kazi ya meno

Horace Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika mji mdogo wa Hartford, jimbo la Vermont, nchini Marekani. Alipofika umri wa miaka 19 alikwenda Boston kujifunza kazi ya meno. Wakati huo hakukuwa na chuo cha udaktari wa meno nchini humo. Kijana alijifunza kwa kukaa na mzoefu na kutazama anavyofanya. Mwaka 1836 alifungua kliniki yake katika mji mwingine unaoitwa pia Hartford, ulio katika jimbo la Connecticut.

Alikuwa fundi mzuri na wateja walimpenda. Mwaka 1838, akiwa na miaka 23 tu, alichapisha kitabu kidogo kuhusu meno, magonjwa ya kinywa na namna ya kuyatibu. Mwaka huohuo alimwoa Elizabeth Wales, na baadaye wakapata mtoto wa kiume, Charles. Alifundisha pia vijana kazi, na mmoja wao alikuwa William Morton, ambaye baadaye alifungua naye kliniki mjini Boston. Likumbuke jina hilo, litarudi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Sindano ya ganzi ilikuwa haijagunduliwa. Mgonjwa alikaa kitini, akashikwa, na jino likang'olewa akiwa na akili zake zote. Wengine walizimia, wengine walikimbia kabla hawajaguswa, na wengi walibaki na meno mabovu mpaka jipu likawavimbisha uso. Jambo hili lilimsumbua sana Wells. Hakuridhika kuwa daktari anayeogopwa na wagonjwa wake.

Jioni moja ya burudani

Gesi inayoitwa naitrasi oksaidi, ambayo wengi huiita gesi ya kuchekesha, ilikuwa inajulikana tangu mwaka 1772, ilipotengenezwa na mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley. Mwaka 1800 mwenzake, Humphry Davy, aliandika kwamba gesi hiyo hupunguza maumivu na huenda ingefaa katika upasuaji. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyelifanyia kazi wazo hilo. Gesi ilitumika kwenye maonyesho tu: watu walilipa kiingilio, wachache wakapanda jukwaani kuivuta, nao wakacheka, wakayumba na kufanya vituko.

Tarehe 10 Desemba 1844, Wells na mkewe walikwenda kutazama onyesho la namna hiyo lililoendeshwa na Gardner Colton. Kijana mmoja, Samuel Cooley, alivuta gesi, akarukaruka na kujigonga vibaya mguuni. Alirudi kukaa karibu na Wells huku damu inamtoka, na yeye mwenyewe hakujua kwamba ameumia. Watazamaji wengine waliona kichekesho. Wells alijiuliza: kama mtu anaweza kujeruhiwa mguu asisikie, kwa nini asing'olewe jino asisikie?

Hakuanza kwa kumjaribu mgonjwa. Alijijaribu mwenyewe. Kesho yake, tarehe 11 Desemba, Colton alileta mfuko wa gesi kliniki. Wells alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akavuta mpaka akapoteza fahamu, na daktari mwenzake John Riggs akamng'oa jino la nyuma. Alipozinduka alisema hakusikia maumivu yoyote. Wiki zilizofuata aliitumia gesi hiyo kwa wagonjwa zaidi ya kumi, na kwa wengi wao ilifanya kazi vizuri. Hakutaka kuifanya mali yake. Aliona jambo kama hilo linapaswa kuwa la watu wote, akawaonyesha madaktari wenzake bila kuwatoza.

Siku ya aibu mjini Boston

Mwezi Januari 1845 Wells alikwenda Boston kuonyesha ugunduzi wake mbele ya wanafunzi wa udaktari. Mtu mmoja alijitolea kung'olewa jino. Wells alimpa gesi, lakini mfuko uliondolewa mapema mno, kabla dawa haijamkolea. Jino lilipovutwa, yule mtu alipiga kelele. Ingawa baadaye alieleza kwamba hakuumia kama ilivyodhaniwa, wanafunzi walikuwa wamekwisha kumzomea Wells na kumwita tapeli.

Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa sababu kosa la siku ile bado linaweza kutokea popote. Dawa ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni vitu tunavyovichukulia leo kuwa vya kawaida: kipimo kinachojulikana, muda wa kutosha, na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuangalia dawa tu wakati mwingine anashughulika na jino. Wells alifanya kazi zote mbili peke yake, mbele ya watu wenye haraka.

Alirudi nyumbani amevunjika moyo. Akawa anaugua mara kwa mara, akawa anafunga kliniki na kuifungua. Tarehe 16 Oktoba 1846, mwanafunzi wake wa zamani, Morton, alitumia dawa nyingine, etha, katika Massachusetts General Hospital mjini humo humo Boston. Daktari wa upasuaji John Collins Warren alimpasua mgonjwa uvimbe shingoni, na mgonjwa hakupiga kelele. Habari zikaenea dunia nzima. Morton na mwenzake Charles Jackson waliomba hati miliki ili anayetumia njia ile awalipe. Ukazuka ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani aligundua kwanza, na Wells akasafiri mpaka Paris kudai haki yake.

Mwisho wa huzuni

Mwezi Januari 1848 Wells alihamia New York peke yake, akaiacha familia Hartford. Alikuwa anachunguza dawa mpya ya usingizi, klorofomu, na kama kawaida yake alijijaribu mwenyewe. Aliivuta tena na tena kwa siku kadhaa, bila mwenzake wa kumwangalia. Ikamharibu akili. Tarehe 21 Januari, siku aliyotimiza miaka 33, alitoka barabarani akiwa amechanganyikiwa na kuwamwagia wanawake wawili tindikali kwenye nguo. Akakamatwa na kuwekwa rumande. Dawa ilipomtoka na akaelewa alichofanya, hakuweza kuvumilia. Alijiua humo gerezani tarehe 24 Januari 1848.

Kama wewe au mtu wako unapitia mawazo ya kujidhuru, usibaki nayo peke yako. Mwambie leo ndugu unayemwamini, na uende kituo cha afya kilicho karibu. Ni ugonjwa unaotibika kama mengine.

Siku hizohizo chama cha madaktari cha Paris kilikuwa kimemtambua Wells kuwa mtu wa kwanza kuigundua njia ya kufanya upasuaji bila maumivu. Taarifa ilifika wakati ameshafariki. Mwaka 1863 yule mwendesha maonyesho, Colton, aliirudisha gesi ya kuchekesha kwenye kliniki za meno, ikatumika kwa maelfu ya watu. Mwaka 1864 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilimpa Wells heshima ya ugunduzi huo. Leo sanamu yake imesimama katika bustani ya Bushnell mjini Hartford, na nyingine iko Paris.

Maisha haya yanatufundisha nini kuhusu kanuni?

Ukiyatazama vizuri maisha ya Wells utaona mambo mawili. La kwanza, dawa ya kuondoa maumivu haikuanzia kwenye upasuaji mkubwa wa moyo au tumbo. Kwa Wells, ilianzia kwenye jino. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba jino ni jambo dogo lisilostahili usingizi. La pili, dawa ileile ikitumiwa bila kipimo na bila mwangalizi huleta madhara, na aliyeigundua alikuwa miongoni mwa walioumizwa na dawa hizi.

Kanuni zimetokana na mambo hayo mawili. Gesi ya kuchekesha ilipokuwa inatolewa peke yake, damu ya mgonjwa iliishiwa oksijeni na midomo ikawa ya bluu. Mwaka 1868 daktari Edmund Andrews wa Chicago alipendekeza ichanganywe na oksijeni. Mashine za meno za siku hizi zimetengenezwa hivyo: hata ukikosea, haziruhusu gesi izidi asilimia 70, na oksijeni haishuki chini ya asilimia 30. Hiyo ni kanuni iliyowekwa ndani ya chuma.

Nusu kaputi ni hatari zaidi kuliko gesi, kwa sababu mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo Marekani, kila jimbo humtaka daktari wa meno awe na kibali maalumu kabla ya kumlaza mgonjwa kwenye kliniki yake. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa watoto na madaktari wa meno ya watoto vya nchi hiyo viliweka mwongozo: mtoto anapopewa usingizi mzito kliniki, lazima wawepo angalau watu wawili waliofunzwa, na mmoja wao asifanye kazi nyingine yoyote ila kumwangalia mtoto. Yaani kile alichokikosa Wells mjini Boston sasa kimeandikwa.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Zamani ilikuwa kawaida watu kulazwa usingizi kwenye kliniki za mitaani kwa ajili ya jino. Baada ya vifo, ripoti ya serikali ya mwaka 2000 ilishauri jambo hilo likome, na tangu mwisho wa mwaka 2001 nusu kaputi ya meno hutolewa hospitalini tu, mahali penye huduma ya wagonjwa mahututi.

Mlango unapofungwa

Sasa tufike kwenye upande wa pili. Kanuni ikisema hospitalini tu, maana yake mgonjwa anahitaji rufaa, chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na foleni. Mtu anayeweza kukaa kimya hufuata njia fupi: sindano ya ganzi, jino linatoka, anarudi nyumbani. Mtu asiyeweza kukaa kimya hana njia fupi. Anasubiri na jipu lake. Uingereza watoto na watu wazima wenye ulemavu husubiri kwa miezi, na kwa miaka mingi kuoza kwa meno kumekuwa sababu inayoongoza ya watoto wa miaka 5 hadi 9 kulazwa hospitalini.

Marekani tatizo kubwa limekuwa malipo. Bima nyingi za afya zilisema jino ni kazi ya bima ya meno, na bima ya meno ikasema usingizi ni kazi ya bima ya afya. Familia ikabaki katikati. Majimbo mengi yalitunga sheria kuzilazimisha bima za afya zilipie usingizi na gharama za hospitali kwa watoto wadogo na kwa watu wenye ulemavu. Hata hivyo hospitali nyingi hazikutoa nafasi, kwa sababu malipo ya serikali kwa kutumia chumba cha upasuaji kwa kazi ya meno yalikuwa takribani dola 200, wakati upasuaji mwingine ulilipa mara nyingi zaidi. Mwaka 2023 mpango wa serikali wa Medicare uliweka malipo mapya ya zaidi ya dola 1,700 kwa kazi hizo, na mwaka 2024 ukaviongeza vituo vya upasuaji visivyolaza wagonjwa. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Kilichobadilika ni karatasi, na mlango ukafunguka kidogo.

Mimi ni muuguzi wa jamii, na nimeona mlango huo ukifungwa bila kanuni yoyote kuandikwa. Niliwahi kumtembelea kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye haongei. Mama yake alisema amekuwa mkorofi: anajipiga shavuni, anatupa chakula, halali usiku. Tulipomulika tochi mdomoni tukakuta magego mawili yameoza na ufizi umevimba. Ukorofi ule ulikuwa maumivu. Mahali pa kwanza walipokwenda waliambiwa arudi akishatulia. Mama akaniuliza, atatuliaje na jino linauma? Sikuwa na jibu. Tulifuatilia rufaa kwa wiki nyingi mpaka akalazwa usingizi na kutibiwa. Usiku wa pili baada ya hapo alilala mpaka asubuhi.

Ninavyoona mimi, kanuni nzuri ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inamzuia asiyefunzwa asimlaze mgonjwa. Sehemu ya pili inahakikisha aliyefunzwa yupo, analipwa, na mgonjwa mwenye ulemavu anamfikia kwa wakati. Ikiwepo ya kwanza bila ya pili, mgonjwa anakuwa salama kwenye karatasi huku anaumia nyumbani.

Wewe ufanye nini?

Mchunguze asiyeweza kusema. Kujipiga uso, kutafuna upande mmoja, kukataa chakula cha moto au baridi, mate mengi kuliko kawaida, harufu mbaya mdomoni, kutolala: yote yanaweza kuwa jino. Uso ukivimba pamoja na homa, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usikimbilie nusu kaputi kwanza. Wengi hufanikiwa kwa hatua ndogondogo: kutembelea kliniki mara moja bila kutibiwa chochote, kupangiwa saa ambayo hakuna kelele, kushika mkono wa mtu anayemjua. Gesi ya kuchekesha husaidia wengine pale inapopatikana, ila mgonjwa lazima akubali kuvaa barakoa ya puani na apumue kwa pua. Kama haiwezekani, basi usingizi si anasa. Ni matibabu.

Ukiambiwa atalazwa usingizi, uliza maswali haya bila woga:

- Nani atatoa dawa ya usingizi, na je, ni mtu mwingine tofauti na atakayeng'oa jino?
- Je, pana oksijeni, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mashine ya kunyonya mate na dawa za dharura?
- Ale na kunywa mara ya mwisho saa ngapi? Kwa kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, lakini fuata maelekezo ya hospitali yako. Ukificha kwamba amekula, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.
- Dawa zake za kila siku, hasa za kifafa, azimeze au aache? Usizikatishe kwa uamuzi wako.
- Je, meno yote mabovu yatashughulikiwa kwa pamoja ili asilazwe tena karibuni?
- Nani atakaa naye mpaka azinduke kabisa, na je, naweza kuwepo anapofungua macho?

Waambie pia kama aliwahi kupata shida ya usingizi, kama ana ugonjwa wa moyo, kama anakoroma sana, au kama ana mafua siku hiyo.

Ukiambiwa haiwezekani, omba uelezwe sababu: ni usalama, ni ukosefu wa mtaalamu, au ni malipo? Omba rufaa iandikwe. Sababu ya usalama iheshimu. Sababu nyingine zinaweza kupata ufumbuzi, na anayeuliza mara ya pili na ya tatu mara nyingi ndiye anayepewa tarehe.

Na kila siku, mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, hata kama ni wewe unayempigia. Sukari ipungue, hasa chai tamu na soda za kumtuliza. Jino lisilooza halihitaji ganzi wala usingizi.

Horace Wells alianza na swali dogo, kwa nini mgonjwa aumie kama kuna njia? Ukifika dirishani na karatasi yako ya rufaa, unauliza swali hilohilo. Liulize.